Mwalimu Mpya Mwenye Miaka Tisa Darasani

Sehemu ya Pili

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari za vipindi?"

Tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, katika shule moja ya kata ya Mbebe, wilayani Ileje. Yalikuwa mapumziko ya saa nne na watoto walikuwa wamejazana bombani. Mwalimu akatoa simu, akafungua hati yake ya mshahara, ile ambayo walimu wote huiita slipu, akaikuza kwa vidole viwili hadi kiooni ukabaki mstari mmoja tu: TGTS D.1.

"Mzee, kwa hesabu hii mimi nimezaliwa mwaka jana," alisema. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Mwalimu huyu alifundisha hisabati na fizikia kwa miaka tisa katika shule ya binafsi mjini Tunduma kabla ya kupata ajira ya serikali. Alipoletwa Mbebe, mkuu wa shule hakumpa kidato cha kwanza ili aizoee kazi. Siku ya tatu alikabidhiwa kidato cha nne. Baada ya mwezi akaombwa amshike mkono kijana aliyetoka chuoni moja kwa moja: namna ya kuandaa azimio la kazi, kutunga mtihani, kutuliza darasa lenye watoto zaidi ya sitini. Pale shuleni kila mtu anajua nani mzoefu na nani anajifunza. Kwenye slipu wote wawili ni D.1, shilingi kwa shilingi. Alipopeleka ofisini barua za utumishi wake wa zamani, aliambiwa kwa upole kwamba mwajiriwa mpya ni mwajiriwa mpya.

Wiki iliyopita nilieleza safari ya mwalimu kutoka chuoni hadi kwenye ajira, na jinsi ilivyorefuka. Mwanzoni mwa 2025 tulisikia kwamba waombaji zaidi ya 200,000 waliwania nafasi 14,648 za ualimu. Foleni hiyo ndiyo iliyozaa swali la leo. Zamani kijana alimaliza chuo na kupangiwa kituo muda si mrefu. Hakuwa na miaka ya nyuma ya kuhesabiwa. Leo anayeingia serikalini huenda alihitimu 2015 au 2016, na miaka ya katikati hakukaa bure. Amefundisha shule za binafsi, amejitolea, au ameshika kazi nyingine kabisa. Anaingia akiwa na umri wa miaka 35 na kupokelewa kama mwenye 23.

Tuitazame ngazi yenyewe. TGTS ni mpangilio wa mishahara ya walimu wa serikali, nao una herufi na namba. Mwenye cheti huanzia B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D. Herufi hupanda kwa kupandishwa daraja, jambo linalotaka miaka kadhaa ya utendaji mzuri, bajeti, na nafasi katika ikama. Namba haina masharti mengi kiasi hicho. Hupanda kwa nyongeza ya mwaka: D.1, kisha D.2, kisha D.3.

Herufi inalipa elimu na cheo. Namba inalipa nini? Haimuulizi mwalimu amesoma nini zaidi wala amepewa madaraka gani. Inalipa muda tu, kwa imani kwamba mwaka mmoja wa kusimama mbele ya watoto umemwongezea mwalimu kitu ambacho hakuwa nacho mwaka uliotangulia. Mimi nimeshika chaki, na naamini imani hiyo ni ya kweli. Mwaka wa kwanza nilifundisha kitabu. Ilinichukua miaka kadhaa hadi nikaanza kuwafundisha watoto. Lakini kama ni kweli, basi mwaka wa Tunduma umefanya kazi ileile ambayo mwaka wa Mbebe ungefanya. Mtihani ni uleule wa NECTA, na watoto ni walewale wa mkoa wetu wa Songwe. Kumwandikia mtu huyu namba 1 ni kuandika jambo lisilo sahihi juu yake, na kulirudia kila mwisho wa mwezi.

Wapo watakaosema kwamba katika utumishi muda ukishapita umepita. Walimu wana jibu la neno moja: mserereko. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja ili kuhakiki watumishi hewa, na Aprili 2017 ikatangaza watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulihitajika, lakini watumishi wengi wasio na kosa lolote walibaki wamesimama pale walipokuwa. Nyongeza za mwaka nazo zilikatika, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuzirejesha kwenye sherehe za Mei Mosi ya 2023 mjini Morogoro. Madaraja yalipofunguliwa tena, walioanza kazi pamoja wakakutwa wameachana mbali. Ndipo ukaja mserereko: mtumishi aliyecheleweshwa anapandishwa ili awafikie wenzake. Kwa hatua hiyo serikali ilikubali jambo kubwa, kwamba ngazi inaweza kukosea muda wa mtu na kwamba kosa hilo linasahihishika kwa barua.

Wazo la kuhesabu miaka ya mwalimu bila kujali nani alimlipa si geni kwetu. Katika nyanda hizi za kusini shule za mwanzo zilikuwa za misheni. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, kisha kazi yao ikaenea hadi Mbozi na Isoko, na walimu wao walifuata masharti ya misheni. Baada ya uhuru, sheria ya 1962 iliunda utumishi mmoja wa walimu. Ndani yake mlikuwa na wazo kwamba ualimu ni kazi moja, mlipaji awe yeyote.

Hata leo sehemu moja ya serikali bado inafuata wazo hilo. Mwalimu wetu alipokuwa Tunduma alikatwa michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF. Sasa anakatwa ya PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko ya watumishi wa umma. Pensheni inataka angalau miezi 180 ya uchangiaji, na vipindi vya mifuko miwili vinaweza kujumlishwa. Kwa hiyo miezi yake 108 ya Tunduma ipo na inatambuliwa. Ila kanuni ya pensheni haiangalii miezi peke yake. Inachukua pia mshahara, wastani wa miaka mitatu iliyo bora katika kumi ya mwisho, kisha inagawa kwa 580. Aliyeanza D.1 akiwa na miaka 23 ana miaka 37 ya kupanda kabla ya kustaafu kwa lazima akiwa na 60. Aliyeanza D.1 akiwa na 35 ana 25. Atastaafu akiwa chini zaidi, na tofauti hiyo ataibeba kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake. Nilipompigia mwalimu hesabu hii kwenye karatasi, alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amefikiria mshahara wa mwezi huu tu.

Hoja nzito dhidi ya kuhesabu miaka ya shule za binafsi ni kughushi, na naiheshimu. Nchi iliyokuta vyeti vya uongo kwa maelfu haiwezi kupandisha mshahara kwa barua yenye muhuri wa mwenye shule. Muhuri unachongwa mtaani. Basi barua tuziache. Tutumie kumbukumbu za michango ya NSSF, zinazoonyesha mwezi baada ya mwezi nani alimlipa nani. Michango hiyo ni asilimia 20 ya mshahara, ikijumlishwa ya mwajiri na ya mwajiriwa. Hakuna mtu atakayechanga miaka tisa mfululizo ili aidanganye serikali kwa hatua chache za nyongeza. Na kuna faida ya pembeni ambayo naipenda: mwalimu wa shule ya binafsi akijua kwamba kila mwezi wa mchango ni sehemu ya mshahara wake wa kesho, atafuatilia michango yake mapema, na mwajiri anayekata bila kupeleka atajulikana upesi.

Gharama nayo ni hoja, ingawa ina dawa yake, ambayo ni kuweka ukomo. Nchini Ujerumani, walimu wanaofanya kazi kwa mkataba wa ajira wa majimbo bila hadhi ya utumishi wa kudumu wa dola hulipwa kwa ngazi zenye hatua hadi sita. Mwenye uzoefu unaohusiana na kazi wa angalau mwaka mmoja huanzia hatua ya pili, wa miaka mitatu huanzia ya tatu. Wilaya nyingi za elimu Marekani huhesabu miaka ya kufundisha kwingine, lakini huweka kikomo. Mimi ningependekeza hivi: kila mwaka wenye michango kamili uwe namba moja, ukomo uwe miaka mitano kwa kuanzia, herufi isiguswe. Mwalimu wetu angeanza D.6. Hangempita mwenzake aliyeajiriwa na serikali miaka tisa iliyopita na kuvumilia vijiji vya mbali, na ni haki asimpite.

Ndugu wa suala hili ni mwalimu aliye tayari kazini anayejisomesha. Wa stashahada anapata shahada baada ya miaka mingi, anabadilishiwa muundo, na wengi hujikuta wamepangwa pamoja na waliohitimu jana. Hilo linahitaji makala yake, nami nitalirudia.

Lakini kuna kundi ambalo linakuja na bado halizungumzwi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari, na mtaala wake ulianza kutekelezwa Januari 2024. Nani atawafundisha watoto ufundi wa magari? Tunduma ni mji wa malori. Kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia wapo mafundi ambao wakisikia injini inanguruma wanajua nozeli ipi imechoka kabla ya kufungua boneti. Nilimtembelea mmoja gereji. Alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana, na kijana wa kumsaidia akimpitishia spana bila kuambiwa namba, kwa kuwa ameshafundishwa kusikiliza kazi inaendaje. Huo ni ualimu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti. Yaani dola imekwisha kukubali kwamba miaka ya gereji ni elimu. Sasa mtu huyo akijiendeleza, akapata sifa za kufundisha, akaambiwa aanzie namba 1, atapiga hesabu ya familia yake na kurudi gereji. Tutabaki na karakana zenye mashine na watoto wanaochora injini ubaoni.

Nimewaacha mwisho wanaojitolea, kwa kuwa kwao sina jibu jepesi. Elimu bila malipo ilipoanza 2016 madarasa yalifurika, na shule nyingi zimeziba pengo kwa vijana wanaofundisha bila ajira. Pale Mbebe yupo mmoja, mwenye stashahada, anayechangiwa kidogo na wazazi kupitia bodi ya shule. Hana slipu wala NSSF. Ushahidi wake wote uko ndani ya daftari la mahudhurio ya walimu. Nasema daftari hilo lipewe uzito: mkuu wa shule na afisa elimu kata wathibitishe siku za anayejitolea kila mwisho wa muhula, na nakala ihifadhiwe halmashauri, ili siku akiajiriwa kuwe na kitu cha kuhesabu. Hata kama miaka miwili ya kujitolea itahesabiwa kuwa mmoja, ni bora kuliko sifuri.

Kabla sijaondoka niliomba kuliona daftari lenyewe. Mkuu wa shule alilitoa kabatini, chini ya boksi la chaki. Kila ukurasa una mstari mwekundu unaopigwa muda wa kuripoti ukiisha. Majina ya waliochelewa yanakaa chini yake. Nilifunua kurasa za Machi. Siku moja, mkuu akaniambia, mvua ilinyesha tangu usiku na njia ikageuka matope matupu. Juu ya mstari mwekundu walikuwa wamesaini watu watatu. Wa kwanza ni kijana anayejitolea, saa 12:50 asubuhi.

Itaendelea.