Krismasi ya Ubena Ina Jembe Ndani Yake

Kuanzia katikati ya Desemba, nafasi kwenye mabasi ya kusini yanayotoka Dar es Salaam hutafutwa kwa kujuana. Shamrashamra huanzia Makambako. Mji huu uko njia panda: barabara kuu inaendelea Mbeya hadi Zambia, nyingine inakata kushoto kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo hapo. Wabena na Wakinga wenye biashara Kariakoo hushuka kununua mchele, sukari, mafuta ya kula na kitenge cha mama, maana kuingia kwa wazazi mikono mitupu ni aibu hata kwa aliyefilisika. Wenye maduka hufunga usiku sana wiki hiyo.

Kutoka hapo ni kama kilomita 60 hadi Njombe, mji wa Ubena uliokuwa chini ya Iringa mpaka mkoa mpya ulipoanzishwa mwaka 2012. Uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na aliyepanda basi na fulana atatafuta sweta kabla hajaulizwa habari za safari.

Mgeni wa mjini hudhani amekuja kupumzika. Amekosea msimu. Desemba mvua zimeshika, mahindi yameota, magugu nayo hayajalala. Sikiliza mapokezi yalivyo:

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kamwene, mwanangu. Mabuti umebeba?"

Cheo na gari vitaulizwa baadaye, pengine visiulizwe kabisa. Asubuhi ya pili unakabidhiwa jembe, na hakuna anayeona kwamba umeonewa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe: anayeachwa akae kwenye kiti siku nzima ni mgeni, na mtoto wa nyumba si mgeni.

Siku ya Krismasi makanisa hujaa hadi nje. Walutheri wa Dayosisi ya Kusini, Wakatoliki wa Jimbo la Njombe na Waanglikana wote wana makao yao makuu mjini humu. Mti wa Krismasi haununuliwi. Misonobari imejaa milimani, unakata tawi tu. Kinachonivutia zaidi ni mnada wa Walutheri baada ya ibada. Mzee wa kanisa anainua jogoo aliyefungwa miguu: "Elfu kumi! Kumi na tano nani?" Macho yote yanawageukia waliotoka Dar. Mmoja anafika elfu thelathini, analipa, kisha anasema, "Arudi mnadani." Jogoo anauzwa tena, na tena, halafu anayemnunua mwisho anamzawadia mchungaji. Sijaona kodi ya wenye nacho inayolipwa kwa vicheko namna hiyo.

Mchana kuna pilau na nyama ya nguruwe, na kreti za bia zilizoletwa na vijana. Wazee wanangoja ulanzi, pombe ya mwanzi ambayo msimu wake huja na mvua. Mgema hukata ncha ya mwanzi mchanga, huning'iniza mbeta ya kukingia utomvu, na kila anaporudi huchonga ncha upya ili uendelee kutiririka. Ukinywewa siku hiyo hiyo ni mtogwa, mtamu. Ukikaa unakuwa mkangafu, na hapo ndipo mashemeji huanza kusemana ukweli. Mwenyeji huonja kwanza, ndipo chombo kizunguke.

Kazi moja haina vicheko: kufyeka makaburi. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022/2023 uliuonyesha mkoa wa Njombe kuwa wa kwanza kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Takwimu hiyo ina historia ndefu, na ziko familia ambazo bibi ndiye aliyelea wajukuu tangu wakiwa wachanga, baada ya wazazi kufariki. Kijana wa namna hiyo akisema anaenda kwa bibi, anaenda kwa mzazi. Wanasafisha kaburi pamoja, wanasali, wanarudi kupika.

Ndiyo maana hawapendezi wanaofika usiku wa tarehe 24 na kuondoka alfajiri ya tarehe 26. Hao wamekuja kula. Kama unapanga kuja mwaka huu, kata tiketi mapema, funga sweta na mabuti kwenye begi, na omba likizo itakayofika walau tarehe 2 Januari. Palizi haiishi kwa siku moja.