Shinikizo la Damu Katika Kijiji cha Wachimba Makaa

Shinikizo la damu ni nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Hupimwa kwa milimita za zebaki: namba ya kwanza ni ya wakati moyo unapojikaza, ya pili ni ya wakati unapotulia. Mtu mzima ambaye vipimo vyake, vikirudiwa siku mbalimbali, hufikia 140 kwa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu. Balaa ya maradhi haya ni ukimya wake. Mtu hulima, huchimba, hucheka na wenzake, kumbe mishipa ya ubongo na figo inaharibika. Na pengine dalili ya kwanza huwa ni kiharusi.

Je, daktari akingoja mgonjwa alalamike, atangoja mpaka lini? Julian Tudor Hart hakungoja. Tangu mwaka 1961 alikuwa daktari wa familia huko Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kusini mwa Wales, chenye watu wapatao 2,000, wengi wao wa kipato kidogo. Mwaka 1968 alianza kumpima kila mtu mzima aliyefika kwake, awe amekuja kwa kikohozi au kwa kidonda. Waliosalia walitafutwa.

Kifaa chenyewe hakikuwa kigeni. Kitambaa cha kufungwa mkononi na kujazwa upepo kilibuniwa na Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896. Kilichokuwa kipya ni matumizi ya daftari. Kwa kuwa wanakijiji walikuwa wameandikishwa kwa daktari huyo, yeye aliweza kujua nani hajapimwa bado, jambo ambalo hospitali kubwa, pamoja na mitambo yake yote, haliwezi kulijua kuhusu wale wasiokanyaga mlangoni pake.

Taarifa yake ya mwaka 1991, baada ya miaka 25 ya kazi, ilionyesha kuwa vifo vya kabla ya miaka 65 vilikuwa vichache kuliko katika kijiji jirani. Mwanafunzi makini atasema kwamba vijiji viwili havitoshi kuthibitisha, tena daktari huyo alipiga vita sigara pia. Ni kweli.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1,280 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu, takriban theluthi mbili yao wakiishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya kila 100, watu 46 hawakujua kuwa wanalo.