Stika za Modeli: Kuchapa Nyumbani na Kuzikinga na Maji

Stika ya modeli ni utando mwembamba uliolazwa juu ya karatasi yenye gundi inayoyeyuka majini. Ikilowekwa, gundi hulegea na utando huteleza hadi ubavuni mwa ndege, gari au meli ya plastiki. Viwanda huchapa stika za yale yanayouzika. Anayeunda ndege ya East African Airways, shirika lililodumu kuanzia 1946 hadi 1977, na kutaka namba za usajili za 5H, 5X au 5Y kadiri ndege ilivyosajiliwa Tanzania, Uganda au Kenya, mara nyingi hulazimika kujichapia.

Kazi huanza kwa vipimo. Kwa kipimo cha 1/144, ndege ya abiria ya Super VC10 yenye urefu wa mita 52 hubaki sentimita 36 hivi, na herufi ya sentimita 72 hubaki milimita 5. Herufi ndogo kiasi hicho huonyesha kila kasoro, kwa hiyo mchoro uandaliwe kwa nukta 600 kwa inchi.

Printa za kawaida hazina wino mweupe. Palipo peupe kwenye mchoro huachwa wazi, na rangi ya modeli huonekana hapo. Maandishi meusi juu ya uso mweupe hayana taabu, lakini nembo ya njano juu ya buluu hufifia kabisa. Hapo hutumika karatasi ya stika yenye utando mweupe, nayo hukatwa kwa kufuata mstari wa nembo wenyewe.

Printa ya leza huyeyusha unga wa plastiki kwa joto, na unga huo hauogopi maji. Karatasi yake iwe ya leza, maana ile ya printa ya wino inaweza kuyeyuka na kunata ndani ya mashine. Wino wa maji, kwa upande wake, hutoka mara tu stika inapolowekwa. Ndiyo maana hufunikwa kwa vanishi ya kupuliza, na hapa ndipo wengi huharibu kazi kwa haraka. Karatasi huachwa ikauke saa kadhaa, kisha hupuliziwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi, mkono ukipita bila kusimama. Tabaka la kwanza liwe kama umande tu. Likilowa, vanishi yenyewe huchuruzisha wino. Matabaka mawili au matatu mepesi hufuata, kila moja baada ya lililotangulia kukauka. Yakizidi, stika hukakamaa na kukataa kulala kwenye mikunjo. Kipande cha pembeni kijaribiwe kwa tone la maji: rangi ikitoka, bado.

Modeli nayo hupakwa vanishi ya kung'aa kwanza, kwa sababu uso wenye chembechembe hunasa hewa chini ya stika na kuleta mng'ao wa fedha usiopendeza. Stika hukatwa milimita moja nje ya wino (ile ya utando mweupe kwenye mstari wenyewe), hulowekwa chini ya dakika moja, huvutwa kwa brashi yenye maji, kisha maji hufyonzwa kwa pamba kuanzia katikati. Ikikauka, gundi iliyobaki hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu, na vanishi ya mwisho hupulizwa juu ya modeli nzima.

Karatasi hizi si rahisi kwa bei, basi jaza ukurasa wote kwa nakala za akiba kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa.