Benjamin Ayimba: Kutoka Unahodha hadi Benchi la Ufundi

Benjamin Ayimba ndiye kocha aliyeiongoza Kenya kutwaa taji lake la kwanza katika msururu wa mashindano ya dunia ya raga ya wachezaji saba kila upande. Ushindi huo ulipatikana Singapore tarehe 17 Aprili 2016. Miaka mingi kabla ya hapo, Ayimba aliivaa jezi ya timu hiyohiyo akiwa mchezaji na nahodha. Maisha yake ya michezo ni mfano mzuri wa faida ambayo taifa hupata pale mchezaji anayestaafu anapobaki na kuwa mwalimu wa wanaomfuata.

Ayimba alizaliwa mwaka 1976 na kusoma katika Shule ya Maseno, karibu na Kisumu. Shule za bweni za aina hiyo ndizo zilizowapa vijana wengi wa Kenya nafasi ya kuujua mchezo ambao awali ulikuwa wa walowezi Waingereza na klabu zao. Alipofika Nairobi alichezea Impala, klabu iliyoko Ngong Road. Nafasi yake katika raga ya wachezaji kumi na watano ilikuwa miongoni mwa mafowadi, wale wanaotakiwa kuwa na nguvu za kusukumana na pia mbio za kuufuata mpira popote unapokwenda. Baadaye alikwenda Uingereza kucheza raga ya kulipwa katika klabu ya Cornish Pirates. Wakati huo Wakenya waliopata nafasi kama hiyo walikuwa wachache mno, kwani raga nyumbani ilichezwa na watu waliokuwa na kazi nyingine za kuwapa riziki.

Mwaka 2006 alikabidhiwa timu ya taifa ya wachezaji saba. Mchezo huu huchezwa katika uwanja uleule wa wachezaji kumi na watano, lakini kila kipindi ni dakika saba tu. Mpira hupasiwa kwa mkono kuelekea nyuma au pembeni, kamwe si mbele. Anayeufikisha nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani na kuugusisha chini hufunga trai ya pointi 5, na mkwaju unaofuata ukipita kati ya milingoti huongeza 2. Uwanja ni mpana na watu ni wachache, hivyo kosa moja la ulinzi huweza kumwachia mkimbiaji njia nyeupe.

Matunda ya kazi yake yalionekana mwaka 2009. Machi ya mwaka huo, katika Kombe la Dunia lililochezwa Dubai, Kenya iliwachapa mabingwa watetezi Fiji 26–7 katika robo fainali. Ilisimamishwa na Argentina katika nusu fainali kwa 12–0, na Wales ikaondoka na kombe. Wiki chache baadaye Kenya ilifika fainali ya mashindano ya Adelaide, mojawapo ya yale ya msururu wa dunia, ikafungwa na Afrika Kusini 26–7. Msimu huo Collins Injera, mchezaji wa Ayimba, aliongoza dunia nzima kwa kufunga trai 42.

Ayimba aliondoka mwaka 2011. Miongoni mwa waliokalia kiti hicho baada yake walikuwa Mike Friday kutoka Uingereza na Paul Treu kutoka Afrika Kusini. Aliporejea mwaka 2015, kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta tiketi ya Olimpiki. Novemba ya mwaka huo, mjini Johannesburg, Kenya iliifunga Zimbabwe 21–17 katika fainali ya Afrika na kufuzu kwa Rio de Janeiro.

Kisha ikaja Singapore. Kenya iliitoa Argentina kwa 15–12 katika nusu fainali, ikakutana na Fiji, timu iliyokuwa tishio kwa kila mpinzani. Katika raga ya saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanza upya. Kwa hiyo, timu inayoweza kuruka na kuunyaka mpira huo inaweza kufunga mara mbili au tatu mfululizo huku wapinzani hawajaushika. Fiji hupenda mchezo uliofunguka, wa pasi za kushtukiza. Ukiwanyima mpira umewanyima pumzi. Vijana wa Ayimba, chini ya nahodha Andrew Amonde, walishinda 30–7. Kenya ikawa nchi ya pili ya Afrika, baada ya Afrika Kusini, kutwaa taji katika msururu huo wa dunia. Miezi minne baadaye Fiji hiyohiyo ilinyakua dhahabu ya Olimpiki.

Rio yenyewe ilikuwa chungu. Kenya ilipoteza mechi zake zote za kundi na kumaliza ya 11 kati ya timu 12. Mwaka huohuo nafasi ya Ayimba ilichukuliwa na Innocent Simiyu, aliyewahi kucheza chini yake. Simiyu aliifikisha Kenya katika fainali mbili mwaka 2018, za Vancouver na Hong Kong, zote dhidi ya Fiji. Mwanafunzi alikuwa amepokea usukani wa mwalimu.

Ayimba alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 44, kutokana na athari za malaria ya ubongo. Ugonjwa huo haubagui mwili wenye nguvu.

Mfano wake unafaa hata mbali na Nairobi. Katika pwani ya kusini ya Kenya soka ndiyo bado inayotawala viwanja, lakini raga nayo ina makao: South Coast Pirates, klabu ya eneo la Diani na Ukunda, imecheza katika ligi za shirikisho la Kenya. Kijana wa Ramisi, katika pwani hiyohiyo, anayetaka kujifunza mchezo huu hahitaji tena kusafiri hadi Nairobi. Barabara ya Lunga Lunga inamfikisha Ukunda. Kwa klabu za namna hii, mchezaji anayestaafu na kubaki kufundisha ana thamani kubwa, maana hubaki na yote aliyojifunza uwanjani, tayari kuyarithisha.