Je, Wajua? Pasipoti, Pete na Maji ya Bamvua

Mtu akienda kupumzika ufukweni nchi ya watu hubeba taulo, mafuta ya kujikinga na jua na swali moja lisilomwacha: nikiingia majini, vitu vyangu vitabaki na nani? Nimelifuata swali hilo kwenye saikolojia, sheria, hesabu, mwezi na hata historia ya Kilwa. Njoo nikuonyeshe niliyoyakuta.

Sentensi moja ilimshinda mwizi mara 19 kati ya 20

Mwanasaikolojia Thomas Moriarty alichapisha mwaka 1975 matokeo ya jaribio alilolifanya kwenye ufuko wa Jones Beach, New York. Msaidizi wake alitandika shuka karibu na mtu asiyemjua, akawasha redio ndogo, kisha akaondoka kwa dakika chache. Mara akatokea "mwizi", naye pia wa jaribio, akainyakua redio ikiwa inaimba na kuondoka nayo. Pale msaidizi alipokuwa amemwomba jirani moto wa sigara tu, watu 4 kati ya 20 ndio waliojaribu kumzuia mwizi. Lakini pale alipokuwa amesema, "Naomba uniangalizie vitu vyangu," walioinuka kumzuia walikuwa 19 kati ya 20.

Hebu fikiria: ufuko ni uleule, redio ni ileile, majirani hawajuani kwa jina wala kwa sura, na ombi la sekunde tatu linageuza asilimia 20 kuwa asilimia 95! Moriarty alirudia jaribio katika mgahawa, safari hii kwa begi. Walioombwa kuliangalia walimzuia mwizi wote 8, na kati ya 8 wasioombwa alisimama mmoja peke yake. Mtu aliyekubali kuwa mlinzi huona ameshika amana, na amana ina uzito hata kwa mgeni. Mimi naliona hili kuwa jambo zuri kuliko yote niliyoyasoma kuhusu usalama wa safari. Kwa hiyo ukifika Diani, Nungwi au Salalah, msalimie jirani yako kabla hujavua viatu, umwombe waziwazi.

Pasipoti iliyopotea kwenye kisiwa cha kitalii ilizungumzwa dunia nzima

Machi 8, 2014 ndege ya MH370 ilitoweka ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239. Wachunguzi walipopekua orodha ya abiria walikuta vijana wawili waliopanda kwa pasipoti za watu wengine, moja ya Italia na moja ya Austria. Wenye pasipoti hizo walikuwa wazima, Mwaustria kwao na Mwitaliano akiwa likizoni Thailand, na pasipoti zote mbili zilikuwa zimepotelea Thailand, mwaka 2012 na 2013, walipokuwa huko kama watalii. Kwa maelezo yaliyotangazwa wakati huo, yule Mwitaliano alikuwa ameiacha pasipoti yake rehani kwa mkodishaji wa pikipiki kisiwani Phuket, na aliporudi kuichukua hakuikuta. Vijana wale wawili waliopanda nazo, ilikuja kujulikana, walikuwa wakitafuta njia ya kufika Ulaya, na hawakuhusishwa na kutoweka kwa ndege.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba pasipoti zote mbili zilikuwa tayari zimeandikishwa kwenye kumbukumbu za Interpol za hati zilizopotea na kuibwa, zilizoanzishwa mwaka 2002. Hakuna aliyezipekua pale uwanjani. Interpol ilisema kwamba katika mwaka 2013 pekee abiria walipanda ndege zaidi ya mara bilioni 1 bila pasipoti zao kulinganishwa na kumbukumbu hizo. Mkodishaji wa pikipiki, baiskeli au vifaa vya kuzamia akitaka rehani, mpe fedha taslimu au nakala ya ukurasa wa picha. Kile kitabu chenyewe usikiache nyuma.

Na kile kitabu chenyewe si chako

Unalipia ada, unapigwa picha, unasubiri, unakiweka mfukoni, lakini pasipoti hubaki mali ya serikali iliyoitoa. Ndiyo maana ukishatoa taarifa kwamba imepotea hufutwa, na hata ukiikuta kesho yake chini ya begi huwezi kusafiria tena. Kwa hiyo pekua kila mfuko kwanza, tena mara mbili, ndipo ukatoe taarifa polisi na ubalozini.

Bahari nayo huchukua, na ina ratiba

Katika sehemu nyingi za Mediterania, maji kujaa na kupwa hayatofautiani hata kwa nusu mita. Mtalii aliyezoea fukwe za Italia au Ugiriki huweka begi lake hatua chache kutoka majini na likabaki kavu siku nzima. Mlete mtu huyo Unguja wakati wa bamvua! Hapo tofauti ya maji ya juu na ya chini hufika karibu mita 4. Chukua goli la mpira, ambalo mwamba wake uko mita 2.44 kutoka ardhini, kisha msimamishe mtu mzima juu ya mwamba huo. Kichwa chake kitafika karibu na hapo maji yanapopanda.

Tena hayapandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika chache, na zile saa mbili za katikati ndizo zenye nguvu: kila moja hupandisha robo ya kimo chote. Robo ya mita 4 ni mita 1. Kwenye ufuko ulioinama kidogo tu, ule wa kushuka mita 1 kila baada ya mita 50, maji hula mchanga karibu mita 1 kila dakika. Mtu akilala usingizi wa nusu saa anaamka kanga imelowa na mkoba unaelea.

Wavuvi wa pwani yetu wanayajua haya bila saa ya mkononi. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati yake huja maji mafu, ambapo bahari hutulia. Siku za bamvua Unguja na Mombasa, maji huwa yamekupwa mbali saa 4 hivi asubuhi, saa ileile wageni wanapotandika taulo zao, kisha yanajaa kabisa kwenye saa 10 alasiri. Pwani ya mashariki ya Unguja mtu anaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani mguu ukiwa haujazama. Muulize mwenyeji leo maji yanajaa saa ngapi. Na utafute mstari wa mwani mkavu juu ya mchanga: hapo ndipo maji yaliyopita yalipoishia, nawe kaa juu yake.

Maji baridi huivua pete taratibu

Ngozi ikipata baridi, mishipa midogo ya damu hujibana na kidole kikapungua unene. Ongeza mafuta ya jua yanayoteleza, ongeza wimbi la kukupiga mkono, na pete iliyokataa kutoka jikoni kwa sabuni inatoka baharini bila kukuaga. Dhahabu safi ina uzito mara 19 wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo haielei wala haisombwi mbali. Hushuka mchangani, na kila wimbi linalotikisa mchanga huizamisha zaidi. Wanaotafuta pete kwa vifaa vya kutambua metali wana shida nyingine tena: maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo mchanga uliolowa hukifanya kifaa cha kawaida kipige kelele mahali pasipo na kitu. Pete ya ndoa iache chumbani, na mwenzio mkubaliane mapema.

Namba ya siri ya sefu: watu 100, wangapi wameandika 1234?

Tarakimu nne zinaweza kupangwa kwa namna 10,000. Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alizipitia namba za siri milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja, akakuta 1234 peke yake ni karibu asilimia 11. Ukiongeza 1111 na 0000 unakaribia asilimia 19. Maana yake, wenye sefu wakichagua vivyo hivyo, mtu mwenye nafasi ya kujaribu mara tatu tu anafungua karibu sefu moja kati ya kila tano.

Chagua tarakimu zisizo mwaka wako wa kuzaliwa. Na ukumbuke kwamba sefu ya chumbani huwa pia na namba kuu ya hoteli, kwa sababu kila mara yuko mgeni anayeisahau yake.

Sheria ya Uingereza inaupenda mkono wa mhudumu kuliko sefu ya chumbani

Sheria ya wenye hoteli ya Uingereza ya mwaka 1956 inasema kuwa hoteli iliyobandika tangazo lake vizuri hailazimiki kumlipa mgeni zaidi ya pauni 50 kwa kitu kimoja kilichopotea, wala zaidi ya pauni 100 kwa vyote. Siku hizi pauni 50 hazinunui hata simu ya maana. Lakini kikomo hicho huondoka kitu kikiibwa na mfanyakazi wa hoteli, na huondoka pia ikiwa mgeni alikikabidhi kitu kwa hoteli waziwazi ili kihifadhiwe. Kwa hiyo ukienda Brighton au Bournemouth, mkufu uliokabidhiwa mapokezi kwa risiti una ulinzi wa kisheria ambao mkufu ulioachwa juu ya meza hauna.

Kalamu ya wino hufungua begi lenye kufuli

Ncha ya kalamu ya kawaida ikichomekwa kati ya meno ya zipu, meno huachana. Mkono ukishaingia na kutoka, vishikizo vikisogezwa huku na huku na kufuli lao, zipu hujifunga tena kama haikuguswa. Chochote cha thamani kikae kwenye mkoba unaobaki mwilini.

Alama 88 zinazobeba ufunguo

Chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti kuna mistari miwili yenye alama 44 kila mmoja, imejaa vimshale. Ndani yake mna tarakimu za ukaguzi: kila alama inayokaguliwa hugeuzwa kuwa namba, ikazidishwa kwa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena, jumla ikagawanywa kwa 10, na baki ndiyo tarakimu yenyewe. Ukibadilisha moja ya alama hizo, mara nyingi sana hesabu inagoma.

Pasipoti za kielektroniki, zilizoanzia Malaysia mwaka 1998, zina pia chipu isiyo na betri, inayoamka ikiwa karibu na kisomaji kwa sentimita chache. Haisemi kitu mpaka ipewe ufunguo, na ufunguo huo wa kwanza hutengenezwa kwa namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha muda, ambazo zote zimeandikwa palepale kwenye mistari ile miwili. Ule ukurasa unaopigwa picha na kurushwa mtandaoni kwa furaha ya safari umebeba ufunguo wa chipu. Nakala ni ya kumpa mtu wako wa nyumbani, ili pasipoti ikipotea uwe na namba ya kuitaja ubalozini.

Pasipoti salama kuliko zote ni ile iliyobaki nyumbani

Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa. Familia ya Kampala au Kigali inaweza kuogelea Watamu huku pasipoti zao zimelala kabatini. Japani ni kinyume chake: sheria inamtaka mtalii aibebe pasipoti wakati wote, hata kwenye fukwe za Okinawa. Bahati nzuri vitabu hivyo vyote duniani vina kipimo kimoja, milimita 125 kwa 88, kwa hiyo mfuko wa plastiki usiopenya maji unaotosha mmoja unatosha wote.

Pochi yenye fedha ndiyo iliyorudishwa zaidi

Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2019 walizisalimisha pochi zaidi ya 17,000 kwenye mapokezi ya hoteli, benki, ofisi na kwingineko, wakidai wameziokota. Walifanya hivyo katika miji 355 ya nchi 40, Kenya ikiwamo. Kila mtu angebashiri kwamba fedha zingewatia watu tamaa. Ikawa kinyume: pochi tupu zilitafutiwa wenyewe kwa asilimia 40, na zenye fedha kidogo kwa asilimia 51. Walipoweka fedha nyingi zaidi katika nchi tatu, ikafika asilimia 72! Na kulikuwa na ufunguo ndani ya pochi, kitu kisicho na faida kwa aliyeokota, ambao nao uliongeza moyo wa kurudisha. Weka jina na anwani ya barua pepe ndani ya kila pochi unayosafiri nayo.

Shaba ya Kilwa kwenye mchanga wa Australia

Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliyekuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake, aliokota sarafu tisa ufukweni. Akazihifadhi, akazisahau, na ilikuwa 1979 ndipo zilipopelekwa kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilitambuliwa kuwa za shaba za masultani wa Kilwa, takriban kilomita 10,000 kutoka pale, ng'ambo ya Bahari ya Hindi yote.

Sarafu za Kilwa zina maandishi ya Kiarabu pande mbili, na upande mmoja hutoa kina na upande wa pili, kama ubeti mdogo wa kutia mfukoni. Haijulikani ni nani aliyezifikisha kule. Lakini mtu fulani alizihesabu kiganjani, akazifunga mahali alipoamini ni salama, na mchanga ukazishika hadi alipokuja yule mwanajeshi.