Mkesha wa Mpenzi wa Taarabu

Wako wadhaniao kwamba mpenzi wa taarabu huenda taarabuni kustarehe tu. Asemaye hivyo hajapata kukaa na mmoja wao. Hapa Mombasa, zama za Juma Bhalo, walikuwako wanaume wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wakimfuata mwimbaji huyo arusi kwa arusi, leo Kuze, kesho Kibokoni, kesho kutwa Majengo. Ukiwatazama nyuso usiku ule ungedhani wamekuja kusikiliza kesi.

Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa bingwa wa ile taarabu tuiitayo ya Kihindi: mahadhi ya filamu za Bombay, kinanda na tabla, na maneno ya Kimvita. Miongoni mwa waliomtungia ni binamu yake, Ahmad Nassir, yuleyule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita iliyotoka mwaka 1971. Basi mahadhi mpenzi wetu alikwisha kuyasikia sinema, katika sauti ya Mohammed Rafi au ya Lata Mangeshkar. Lililomtoa kwake usiku ni neno.

Alifika mapema, mara tu baada ya Isha, njia imefungwa na majamvi yametandikwa. Hakutaka halua wala mazungumzo. Alitafuta mahali karibu na kipaza sauti, akaweka rekoda yake, na mawe ya akiba mfukoni. Kanda ya dakika 60 huisha upande mmoja kwa nusu saa, na nyimbo hazimngoji mtu. Mpenzi hodari alikuwa akiutazama utepe ukipungua, akaigeuza kanda wakati vyombo vinapopigwa peke yake, ubeti mmoja umekwisha na wa pili haujaanza. Asiyejua aligeuza katikati ya neno, na wenzake hawakumsamehe upesi.

Kisha likaja la kutuza. Mgeni akiona mtu anainuka na noti mkononi hudhani amelewa na sauti. La, hasha! Mtu huyo amengoja. Zimepita beti tatu hakutikisika, na ya nne, inayomtaja rafiki aliyekula amana, ndiyo iliyomwinua. Anakwenda polepole, watu wakimwona, anatoa tuzo, anarudi kuketi. Aliyekusudiwa yuko jamvi la pili anakunywa kahawa, na kikombe kimekuwa kizito. Mtunzi huenda alikuwa na lake alipoandika, lakini usiku ule wimbo umepata mwenyewe. Urafiki umevunjika kwa njia hiyo bila mtu kutukanwa, na asubuhi barazani fumbo lafumbuliwa kwa mabishano mapya.

Jina lenyewe la taarabu latokana na tarab ya Kiarabu, nayo ni ile hali ya kuguswa moyo inayomshika msikilizaji. Cairo walilijua hili vyema. Katika zile tamasha za Umm Kulthum za Alhamisi ya kwanza ya mwezi, zilizokuwa zikirushwa redioni, wapenzi walipiga kelele mstari urudiwe, naye akiurudia kwa namna nyingine, hata wimbo mmoja ukafika saa nzima. Aliyeurefusha ni yule aliyeketi kitini.

Wanazuoni wetu wana maneno yao juu ya vyombo, na ukurasa huu si mahali pa kuyakata. Juma Bhalo mwenyewe aliacha kuimba miaka kadhaa kabla ya kufa. Ninachoweza kusema ni kwamba wengi wa wapenzi hao masikio yao yalinolewa chuoni, kwa fimbo ya mwalimu, kupambanua herufi na herufi. Mwimbaji akilegeza neno walijua. Na wako waliotoka jamvini Alfajiri inapoadhiniwa wakaingia msikitini moja kwa moja, rekoda chini ya kwapa.

Siku hizi kila mkono una simu. Sina ugomvi na simu, ila mtu huchukua nusu dakika ya sura ya mwimbaji, akaituma, akageuka kuzungumza. Wale walichukua usiku mzima. Nyingi ya nyimbo zile, kwa namna zilivyoimbwa usiku ule, hazikuingia studio. Zilizosalia zimo katika kanda za wapenzi, pamoja na vikohozi, vikombe, na sauti ya mtu akiomba ubeti urudiwe.

Kanda hizo sasa zimo makashani chini ya vitanda. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na utepe, wenyewe wengi wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na warithi hawana hata chombo cha kuzipigia. Wako waliokwisha kuzitia katika kompyuta, Mungu awalipe. Lakini kanda isiyo na maandishi ni sauti tupu. Mwenye kasha nyumbani na alichukue leo kwa mzee aliyehudhuria, aandike juu ya kila moja: arusi ya nani, mtaa gani, mwaka gani, na nani aliinuka kutuza, katika ubeti upi.