Maji ya Mvua Nayo Yapewe Kiwanja

Masika yakija kwa nguvu, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi hukatisha safari, na wakazi wa Dar es Salaam hurudia maneno yaleyale: mto umejaa, mitaro imeziba, serikali ije ichimbe. Lawama hizo zina ukweli wake, lakini zinalitazama tatizo likiwa limeshafika ukingoni. Sehemu kubwa ya maji yanayojaa Jangwani haikunyesha Jangwani. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unakwenda takriban kilomita 35, na njiani unapokea maji ya mito midogo kama Ubungo, Luhanga, Sinza na Ng'ombe kabla ya kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Kwa hiyo mafuriko ya bondeni hutengenezwa na maelfu ya mapaa, barabara na nyua za watu wanaoishi mwinukoni, ambao wengi wao hawajawahi kulowa hata kifundo cha mguu. Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Mji hauwezi kuyashinda maji ya mvua kwa kuyafukuza tu. Ni lazima uyatengee nafasi tangu ramani inapochorwa, kama unavyotenga nafasi ya shule, soko na barabara.

Hesabu yake haihitaji mhandisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Kiwanja cha mita za mraba 400 kikipata mvua ya milimita 50, jambo la kawaida kabisa wakati wa masika, kimepokea lita 20,000, yaani maboza mawili ya lita 10,000 kila moja. Kiwanja hicho kikiwa na mwembe, migomba na ardhi tupu, sehemu nzuri ya maji hayo huzama. Siku hizi nyumba ikikamilika, mwenye nyumba humwaga pevingi kutoka ukuta hadi ukuta, kisha fundi hutoboa tundu chini ya ukuta wa mbele ili maji yatoke haraka kwenda mtaani. Kwa makadirio yanayotumiwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani, ardhi yenye uoto wake wa asili huachia takriban asilimia 10 ya mvua itiririke juu, ilhali eneo lililofunikwa karibu lote kwa zege na mapaa huachia asilimia 55. Sasa kumbuka kwamba Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao milioni 2.5 katika sensa ya mwaka 2002, na sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Mvua ingeweza kubaki ileile na mafuriko bado yangeongezeka.

Jibu tulilolizoea ni mtaro wa zege. Mtaro una kazi yake, na mtaa usio na mtaro huliwa na makorongo. Lakini zege lililonyooka na kulainishwa lina tabia moja: linayapa maji mwendo. Mtaa wa juu unakauka ndani ya saa moja, na saa hiyohiyo mtaa wa chini unapokea maji ya mitaa kumi kwa mkupuo. Tunapanua mtaro wa huko chini, kalavati la mbele linageuka kuwa dogo. Tunapanua kalavati, daraja nalo linazidiwa. Njia ya asili inafanya kinyume chake: inayachelewesha maji, inayatawanya na kuyazamisha karibu na yalikoangukia. Chukua kisiwa cha maua katikati ya barabara zetu. Tumekiinua kwa mawe ya ukingo, kwa hiyo mvua inakikwepa na kukimbilia mtaroni, halafu kiangazi tunakimwagilia kwa boza! Kingeshushwa kidogo chini ya usawa wa lami na mawe yake yakaachiwa mianya, kingekunywa maji ya barabara bila gharama ya boza. Uwanja wa mpira wa shule wenye ukubwa wa hekta moja, ukichimbwa ushuke nusu mita tu, unaweza kushika lita milioni 5 kwa saa chache na kuziachia polepole mvua ikishakatika. Siku nyingine zote watoto wanacheza.

Walioifuata njia hii hawakufanya hivyo kwa kupenda mandhari tu. Singapore ilikuwa na mfereji wa zege ulionyooka, wenye urefu wa kilomita 2.7, kando ya bustani ya Bishan-Ang Mo Kio. Mfereji ulikuwa unahitaji kuongezewa uwezo, na bustani ilikuwa inahitaji kukarabatiwa. Badala ya kila idara kuchimba kivyake, kazi zikaunganishwa. Kufikia mwaka 2012 zege lilikuwa limevunjwa na Mto Kallang umerudishiwa mikunjo yake kwa urefu wa kilomita 3.2, ukipita ndani ya bustani. Mvua kubwa ikija mto unatanuka juu ya nyasi, ikikatika watu wanarudi kutembea. Karibu zaidi na kwetu, Kigali iliondoa viwanda katika kinamasi cha Gikondo, na mwaka 2022 ikafungua hifadhi ya Nyandungu yenye hekta 121, kinamasi kilichokuwa kimeharibiwa na sasa ni mahali pa kupumzikia. Katika miji yote miwili, mipango miji na maji viliwekwa kwenye meza moja.

Dar es Salaam haikukosa wazo hilo. Mpango kabambe wa mwaka 1979 uliyatambua mabonde ya mito kuwa maeneo hatarishi yasiyofaa kujengwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kilichokosekana ni matumizi. Ardhi iliyoachwa wazi kwenye karatasi bila shughuli yoyote huonekana haina mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe mjini haikai miaka miwili. Ndiyo maana ninaona mpango wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, umeshika jambo sahihi: unataka daraja jipya la Jangwani, mto usafishwe, na bonde liwe bustani kubwa ya mji yenye ruhusa ya kufurika. Hata hivyo mpango huo unatibu zaidi sehemu ya chini. Kama watu wa Kimara na Pugu wataendelea kumwaga pevingi ukuta kwa ukuta, mchanga na maji vitazidi kushuka, na bustani hiyo itakuwa ya kuchimbwa upya kila mara.

Wapo wanaosema njia hii itatuletea mbu. Hofu hiyo ni ya haki katika mji ulioonja dengi mwaka 2014 na 2019. Lakini mbu huhitaji takriban wiki moja au mbili kutoka yai hadi kuruka, na bustani ya kunyonya maji iliyojengwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili. Mtaro wa zege uliojaa chupa na mifuko hushika maji machafu kwa miezi. Wengine wanasema udongo wa mfinyanzi haunyonyi, na kwamba maeneo ya pwani maji ya ardhini yako juu mno. Ni kweli, na huko shimo la kunyonya halifai. Yafaa tangi la kuvunia maji ya paa au bwawa la kushikilia kwa muda. Kipo pia kikwazo kisichopenda kutajwa mezani: mvua ikianza usiku, baadhi ya watu hutapisha vyoo ili mafuriko yabebe uchafu. Mji usio na huduma nafuu ya kunyonya vyoo hauwezi kuwaambia watoto wacheze kwenye bustani inayopokea maji ya mtaani. Mambo hayo mawili yaende pamoja.

Pingamizi zito zaidi ni la mvua iliyopita kiasi. Zhengzhou, China, ilikuwa imewekeza katika mpango wa taifa hilo wa kuifanya miji ifyonze maji kama sponji, na bado tarehe 20 Julai 2021 milimita 201.9 zilinyesha ndani ya saa moja na mamia ya watu wakafa. Hakuna bustani inayomeza mvua ya namna hiyo, na hakuna mtaro pia. Faida ya njia ya asili ni kwenye mvua za kila mwaka, zile zinazotula kidogokidogo, na kwenye mvua kubwa inasaidia kwa jambo moja: haiweki nyumba mahali maji yatakapopita. Kuhusu wanaoishi mabondeni, baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40, familia nyingi zilipelekwa Mabwepande, na baadhi zikarudi kwa sababu riziki zao zilibaki mjini. Kuhamisha watu bila nauli, kazi na fidia ya haki kichwani ni kulipa gharama mara mbili.

Gharama hiyo bado inaweza kuepukwa kule ambako bikoni ndiyo kwanza zinapigwa: Chanika, Kigamboni, Kibaha. Halmashauri ziandike kwenye kibali cha ujenzi ni sehemu gani ya kiwanja isifunikwe na maji ya paa yataishia wapi, na zikague kabla pevingi haijalazwa. Nawe unayenunua kiwanja huko mwaka huu, kabla hujatoa fedha mwombe mpimaji akuonyeshe kwenye ramani maji ya mtaa mzima yatapita wapi. Akishindwa kukuonyesha, usinunue.